Mkono uliolegea ni wa kulia, karatasi inasema ubongo wa kushoto: majibu siyo ya mtu mwingine

"Shikamoo daktari. Naomba unisaidie maana hapa nyumbani tumegawanyika. Baba yangu ana miaka 61, yuko Igombe, kazi yake ni kushona nyavu za dagaa. Wiki tatu zilizopita aliamka asubuhi mkono na mguu wa kulia havina nguvu, mdomo umevutika kwenda kushoto, na kuongea hawezi, ukimuuliza chochote anajibu 'haya haya' tu. Tulimpeleka hospitali akapigwa siti skani, akalazwa siku tisa. Karatasi ya majibu imeandikwa tatizo liko ubongo wa kushoto. Baba mdogo akaichukua ile filamu akaiweka dirishani, doa jeusi linaonekana upande wa kulia. Sasa karatasi inasema kushoto, picha inaonyesha kulia, mkono mbovu ni wa kulia, mdomo umeenda kushoto. Baba mdogo anasema tumepewa majibu ya mtu mwingine kwahiyo hata dawa siyo zake, tuziache tumpeleke kwa mganga Sengerema. Halafu Jumapili wanakwaya walikuja kumuombea, akaimba nao pambio zima, maneno yote yametoka, walivyoondoka akarudi kwenye 'haya haya'. Shangazi anasema huo siyo ugonjwa, kuna kitu kimemkalia. Tena akila anamaliza vya upande wa kushoto wa sinia, samaki akiwa kulia anamuacha kama hamuoni. Mimi mwenyewe natumia mkono wa kushoto, je na mimi ubongo wangu umegeuka? Na baba akili yake bado ipo?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana na kuuguza. Kwanza nikuweke sawa, mimi siyo daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, hawa mnaowaita watu wa mazoezi, na kwa miaka mingi hapa Mwanza nimefanya kazi na wagonjwa wa kiharusi, yaani mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kuvuja, kama mzee wako. Dawa siandiki. Ila hilo fumbo la kushoto na kulia naulizwa mara nyingi sana, na lako nimeona nilijibu haraka kwa sababu ya neno moja, "tuziache". Tafadhali mzee asiache dawa hata dozi moja. Kama ameshakatishwa, kesho asubuhi rudini kliniki mkaseme kweli ameziacha siku ngapi, msione aibu. Dawa anazopewa mtu baada ya kiharusi, zile za presha na zile za kuzuia damu isigande, haziko pale kurudisha mkono, ziko pale kuzuia kiharusi cha pili, na cha pili mara nyingi kinakuja na hasira kuliko cha kwanza.

Sasa tuanze na filamu maana ndo imewasha moto nyumbani. Ukisimama mbele ya mtu mkatazamana, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto, si ndiyo? Picha za siti skani zinapangwa hivyo hivyo, ni kama mgonjwa amelala chali na wewe umesimama miguuni kwake unamwangalia kuelekea kichwani. Kwahiyo kushoto kwa mgonjwa kunatokea kulia kwa anayeangalia. Doa aliloliona baba mdogo upande wa kulia wa filamu liko ubongo wa kushoto wa mzee, yaani karatasi na picha zinasema kitu kimoja. Msiniamini kwa maneno tu, shikeni filamu tena, herufi zikisomeka sawasawa, mtafute pembeni herufi ndogo R au L. R ni kulia kwa mgonjwa, L ni kushoto kwake. Halafu angalieni jina, umri na tarehe kwenye kona, mlinganishe na karatasi. Jina likiwa la mtu mwingine hapo kweli mna kesi na mrudi hospitali siku hiyo hiyo. Jina likiwa la mzee, basi baba mdogo hakukosea kuwa na wasiwasi, mtu yeyote ambaye hajafundishwa angeona vile vile.

Imebaki sasa kwa nini ubongo wa kushoto uangushe mkono wa kulia. Hii siyo ajabu ya baba yako peke yake, wewe, mimi, samaki wa ziwani, ndege, ng'ombe, wote wenye uti wa mgongo tuna kupishana huku kwa namna moja au nyingine. Wagiriki wa zama za Hipokrate, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, walishaandika kwamba mtu akiumia kichwa upande mmoja, degedege linashika upande wa pili wa mwili, ila walikuwa hawajui inapitia wapi. Mahali penyewe pa kupishana palikuja kuelezwa vizuri mwaka 1709 na daktari wa Italia Domenico Mistichelli, na mwaka uliofuata daktari wa jeshi la Ufaransa, François Pourfour du Petit, akaeleza hivyo hivyo baada ya kuwaangalia askari waliojeruhiwa kichwani.

Ukitaka kuelewa mfikirie mzee na wavu wake. Amri ya kusogeza mkono inaanzia juu kabisa kwenye ganda la ubongo, kuna ukanda unapita juu ya utosi kutoka usawa wa sikio moja mpaka la pili, kila kiungo kina eneo lake pale, vidole na midomo vina eneo kubwa kuliko hata mgongo mzima kwa sababu vinafanya kazi za ustadi. Kutoka pale nyuzi za fahamu zinashuka, kila upande kama milioni moja hivi, zinajikusanya zinakuwa kama kamba mbili nene zikienda chini kwenye shina la ubongo. Zikifika mwisho wa shina, pale kichwa kinapokutana na shingo, zinapishana, za kushoto zinavuka kulia na za kulia zinavuka kushoto, kama mtu aliyepishanisha vidole vya mikono miwili. Siyo zote. Katika kila nyuzi 100, kama 85 mpaka 90 zinavuka, zilizobaki zinaendelea upande ule ule na nyingi ya hizo zinahudumia misuli ya kiwiliwili. Ndo maana nina uhakika mzee wako, pamoja na mkono kulala kabisa, mgongo wake bado unajitahidi, mkimkalisha anajaribu kujishikilia. Kiwiliwili kinapata amri kutoka pande zote mbili, vidole vinategemea upande mmoja karibu peke yake.

Kwahiyo mshipa wa damu ukiziba juu ya ile njia panda, madhara yanatokea upande wa pili. Ukiumia chini yake, mfano mtu kaanguka kutoka juu ya jiwe akavunjika shingo, uti wa mgongo ukaumia nusu ya kushoto, udhaifu unakuwa kushoto hapo hapo kwa sababu nyuzi zimeshavuka. Na ule ubongo mdogo wa nyuma unaoshughulika na mizani ya mwili, wenyewe unaongoza upande wake ule ule. Nakwambia haya usije ukasikia mgonjwa wa jirani kaambiwa tatizo kushoto na anayumba kushoto mkaanza tena kesi nyingine. Ukiniuliza kwa nini viumbe vikaumbwa hivi, nadharia ziko kadhaa na wanasayansi hawajakubaliana juu ya hata moja, kwa mgonjwa haibadilishi kitu.

Mdomo sasa. Hapa ndo familia nyingi zinapotea, maana watu wanaangalia mdomo ulipoelekea wanadhani huko ndo kwenye ugonjwa. Ni kinyume. Misuli ya mashavu inavutana kila wakati, kushoto na kulia kwa nguvu sawa, kama timu mbili kwenye mchezo wa kuvuta kamba. Upande wa kulia ukiishiwa nguvu, wa kushoto unashinda, mdomo unahamia kushoto. Kwahiyo mdomo wa mzee ulioenda kushoto unakwambia uso uliolegea ni wa kulia, upande mmoja na mkono na mguu. Hakuna magonjwa mawili hapo. Mwambie ainue nyusi kama anashangaa, nategemea utaona paji la uso linakunja mikunjo pande zote mbili, kwa sababu paji linapata amri kutoka nusu zote mbili za ubongo. Kuna ugonjwa mwingine wa mshipa wa fahamu wa uso wenyewe, huo unalegeza nusu nzima mpaka paji na jicho haliwezi kufumba, lakini mkono na mguu vinakuwa salama. Bado msijipime wenyewe mkaishia nyumbani, mdomo ukihama ghafla nendeni hospitali, huko ndo watatofautisha.

Samaki anayeachwa upande wa kulia wa sinia, asante sana kwa kuliandika hilo maana wengi hawalitaji, wanadhani mzee anadeka au hapendi chakula. Jicho la kulia siyo bovu. Kuona hakugawanyiki kwa macho, kunagawanyika kwa pande za dunia. Kila jicho linaona kushoto na kulia, nyuma ya macho nyuzi nusu zinavuka na nusu zinabaki, zikifika nyuma kila kilicho kulia kwako, kimeonwa na jicho lolote, kinapelekwa ubongo wa kushoto. Huo ukipata jeraha njia hiyo ikaguswa, nusu ya kulia ya kila kinachotazamwa inapotea, kwa macho yote mawili, na mgonjwa mwenyewe anaweza asijue kwa sababu haoni giza, haoni kitu tu. Mwambieni daktari kliniki ili apimwe rasmi. Nyumbani mfundisheni kugeuza kichwa kulia, mguseni bega la kulia mkimwambia angalia na huku, kitu hatari kama jiko la mkaa au chai ya moto kisikae kulia kwake. Na msimwachie avuke barabara mwenyewe hata kama mguu umepata nguvu, pikipiki ikitokea kulia hataiona.

Nije kwenye "haya haya", nadhani hapa ndo moyo wako ulipo. Mwaka 1861 Paris, hospitali ya Bicêtre, daktari Paul Broca alipokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiulizwa lolote anajibu "tan", wenzake wakamwita hivyo hivyo, Tan. Alikuwa anaelewa sehemu kubwa ya anachoambiwa, anajibu kwa ishara za mkono, ila neno halitoki. Alipofariki Broca akafungua ubongo akakuta jeraha upande wa kushoto mbele. Baada ya wagonjwa wengine kadhaa wa namna hiyo ikathibitika kwamba kwa watu wengi kazi ya lugha inakaa nusu ya kushoto. Ndo maana mkono wa kulia na maneno mara nyingi vinapotea pamoja, ni majirani, wanamwagiliwa na mshipa mmoja wa damu. Kwahiyo "haya haya" ya baba yako nimeisikia kwa sura nyingi, mmoja alikuwa anasema "kesho" tu, mwingine anatukana tusi moja na analia kwa aibu kila likitoka.

Na pambio? Shangazi asiogope. Kuna maneno mtu anayatunga sasa hivi, mfano nataka maji, na kuna maneno yaliyokaririwa pamoja na mdundo, kama kuhesabu moja mbili tatu, siku za wiki, sala, nyimbo. Haya ya pili yanatoka kwa njia nyingine, na uimbaji unatumia sana nusu ya kulia ya ubongo, ambayo kwa mzee haijaguswa. Wako wagonjwa wengi wa kiharusi wasioweza kutaja jina la mke wao na wanaimba ubeti mzima. Mimi nikisikia mgonjwa ameimba nafurahi, maana yake ulimi, koo na pumzi vinafanya kazi, mlango wa kutunga ndo umekwama. Waiteni wanakwaya warudi! Imbeni naye kila siku, halafu jaribuni kuweka maneno ya kawaida kwenye mdundo, na-ta-ka ma-ji, polepole, huku mnagonga mezani kwa mkono wa kushoto.

Akili yake ipo. Kupoteza lugha siyo kupoteza akili, na naomba uwasihi wageni wasimwongelee mbele yake kama hayupo. Pima hivi: bila kuonyesha kwa mkono mwambie shika sikio, kisha funga macho. Akifanya, anaelewa. Akishindwa msihitimishe kwamba amekuwa mtoto, inawezekana hata njia ya kuelewa maneno imeguswa kidogo, basi tumieni sentensi fupi, mwonyesheni kitu chenyewe, uliza "uji au chai" huku umeshika vyote, halafu subiri, subiri kweli, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Usipige kelele, masikio hayana shida. Kumpa kalamu kunaweza kusisaidie kwa sababu kuandika nako ni lugha. Na ndiyo na hapana zake zihakikisheni mara mbili, huwa zinachanganyika.

Wewe na mkono wako wa kushoto uko sawa tu, hujageuka. Nyuzi zako zinapishana kama za watu wote, mkono wako wa kushoto unaongozwa na ubongo wa kulia. Tofauti ndogo iko kwenye lugha: kwa wanaotumia kulia kama 95 kati ya 100 lugha iko kushoto, kwa wanaotumia kushoto kama 70 kati ya 100 nao iko kushoto, wengine kulia au imegawanyika. Na haya mnayosikia kwamba kuna watu wa ubongo wa kulia wasanii na wa kushoto wa mahesabu, achana nayo, nusu mbili zimeunganishwa na daraja la nyuzi kama milioni 200, zinaongea muda wote, kama Kigongo na Busisi, ng'ambo mbili za ziwa hapa kwetu, tangu daraja likamilike hakuna tena kusubiri pantoni.

Basi mfanye nini. Kwanza bega. Mzee akinyanyuliwa asivutwe kwa mkono wa kulia, kamwe, misuli inayoshikilia bega imelala, kiungo kinashuka kwenye nafasi yake na maumivu yake yanaweza kukaa miezi. Mshikeni kiunoni au nyuma ya bega. Akikaa mkono ulale juu ya mto au kanga iliyokunjwa, usining'inie. Kuchua kichwa upande wa kushoto hakufiki kwenye jeraha, mnajichosha. Kumkanda mkono kwa maji ya moto au mawe ya moto nakataza, kuhisi nako kunavuka upande kama nguvu zinavyovuka, kwahiyo mkono ule huenda hausikii joto, nimeona ngozi imeungua mtu anatabasamu. Akikohoa akinywa maji, semeni kliniki haraka.

Halafu kazi yenyewe. Ubongo uliokufa haufufuki, lakini sehemu za jirani zinajifunza kuchukua kazi, na zinajifunza kwa kurudia kitu chenye maana, siyo kwa kunyooshwa mkono na mtu huku mgonjwa anaangalia runinga. Mleteeni wavu wake. Mkono wa kulia hauwezi kushona sasa hivi, sawa, uwekeni ulalie wavu, ushikilie kwa uzito wake tu huku wa kushoto unafanya kazi, wiki zijazo labda vidole vitaanza kukunja. Vipindi vifupi, mara kadhaa kwa siku, kila siku. Wiki tatu bado ni mapema. Miezi mitatu ya mwanzo ndo mabadiliko yanakuja kasi, mpaka sita bado, baada ya hapo polepole ila hayakomi, na lugha inaweza kuendelea kurudi hata kwa miaka. Mguu kawaida unatangulia, mkono unafuata, vidole mwisho. Siwezi kukuahidi atashona tena kama zamani, wapo wanaorudi na wapo ambao mkono unabaki wa kusaidia tu, na ukikutana na mtu anayekuahidi siku saba mkono umepona huyo anataka hela yako. Akianza kulia lia au kukataa kula, huzuni baada ya kiharusi ni sehemu ya ugonjwa na ina tiba, semeni.

Kuhusu Sengerema sitamkejeli baba mdogo, anampenda kaka yake na ametafuta jibu palipokuwa na utata. Maombi endeleeni. Ninachoogopa kwa mganga ni vitu vitatu, chale kwenye mwili wa mtu anayekunywa dawa za kuzuia damu isigande, dawa za kienyeji zinazogongana na za hospitali, na wiki zinazopita katika hii miezi mitatu. Hiyo nauli na hela ya kuku ipelekeni kwenye fiziotherapia, hospitali ya Bugando ipo, na kama kila wiki ni mbali ombeni mtaalamu awafundishe nyinyi wa nyumbani mazoezi mkarudi kila baada ya muda, sisi tunalifanya hilo na linasaidia.

Msingoje miadi mkiona udhaifu mpya, mdomo kuhama tena, maneno kupungua ghafla, kichwa kuuma kuliko kawaida, degedege, kuzimia, au mguu kuvimba na kuuma. Angalieni saa imeanza saa ngapi, maana ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida mwisho wake ni masaa 4 na nusu tangu dalili zianze. Bajaji au gari, siyo bodaboda, mlazeni ubavu, msimpe chakula wala maji wala aspirini, kwa sababu kabla ya picha hakuna anayejua kama ni kuziba au kuvuja.

Na hiyo filamu itoeni dirishani jua lisiiharibu, iwekeni kwenye bahasha yake, siku ya kliniki nendeni nayo na baba mdogo aende pia, mwambieni daktari amuonyeshe yeye mwenyewe ile L iko wapi.